Ndiyo Ndefu ya Mheshimiwa

Kuna watu wanaostaafu kazi lakini cheo kinagoma kustaafu. Mheshimiwa alikuwa mmoja wao. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu wapigakura wamshukuru kwa utumishi wake na kumpa kiti chake mtu mwingine, na bado mlinzi wa getini, muuza magazeti na kinyozi walimwita Mheshimiwa. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika.

Bungeni alikaa vipindi vitatu, na katika vipindi hivyo alisimama kuzungumza mara nne, moja ikiwa ni kuomba dirisha lifungwe. Lakini kwa sauti hakuwa na wa kushindana naye. Ilikuwa ikisemwa tu "wanaoafiki waseme ndiyo," sauti ya Mheshimiwa inatangulia kutoka na inachelewa kwisha: "Ndiyoooo!" Wachoraji wa magazeti walimchora mdomo umeachama kama mlango wa stoo. Serikali ikitaka barabara, ndiyo. Serikali ikiifuta barabara ile ile, ndiyo. Watu wa jimboni walicheka vipindi viwili, cha tatu wakachoka kucheka.

Alipoanguka kwenye uchaguzi hakusota sana. Umoja wa waagizaji wa vifaa tiba ulimchukua, ukampa meza ya kioo ghorofa ya nne, kiyoyozi kinachonguruma, na kadi mia mbili zilizoandikwa "Mshauri Mwandamizi." Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuifanya na nzito kuitaja: alikuwa analipwa kwa kujuana na watu. Alijua mbunge yupi hanywi chai yenye sukari na yupi hataki kupigiwa simu asubuhi. Alijua ukitaka jambo lako lisikilizwe usilipeleke baada ya chakula cha mchana, maana hapo utamsomea mtu aliyelala macho wazi. Maarifa ya miaka kumi na tano yalikuwa sasa yanauzwa rejareja.

Meza ya pili alikaa Mpinzani. Jina hilo lilimganda kutoka enzi zile alipokuwa akikaa upande wa pili wa ukumbi na kujibu kila ndiyo ya Mheshimiwa kwa "Siyoooo!" yake, nyembamba na kali. Umoja uliwaajiri wote wawili katika wiki ile ile, kwa akili ya kibiashara: yeyote atakayeshika nchi, mmoja wao atakuwa anafahamiana naye. Basi watu wawili waliowahi kuitana wasaliti mbele ya taifa zima sasa walikuwa wanagombania rimoti ya kiyoyozi. Na walipendana, tena sana. Kila mmoja alikuwa amemsikiliza mwenzake kwa miaka mingi kuliko alivyomsikiliza mtu yeyote.

"Hivi sisi ni akina nani hasa?" Mpinzani aliuliza siku moja, akiigeuza kadi yake huku na huku.

"Washauri."

"Mshauri anaulizwa, bwana. Sisi nani katuuliza? Tunawafuata watu mpaka mlango wa choo."

"Shemeji yangu anasema sisi ni wapiga debe wa ghorofani."

Mpinzani aliangua kicheko mpaka akavua miwani. "Huyo shemeji yako mlete hapa. Huyo ndiye mshauri."

Mwaka ule debe walilokuwa wanalipiga lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kifungu cha tisa.

Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi. Kilisema kwamba kila kifaa tiba kinachoingia nchini kitozwe asilimia tatu, na makusanyo yote yaende kuwalipia wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu katika hospitali za umma. Tozo ile ilikuwa imepitishwa kwa majaribio ya miaka mitatu, katika mwaka wa mwisho wa Mheshimiwa bungeni. Yeye aliipigia ndiyo, bila shaka. Hakuwa ameisoma. Sasa majaribio yalikuwa yanakwisha, na muswada mpya ulitaka tozo iwe ya kudumu. Umoja ulitaka ife.

Tusiwasingizie, hoja walikuwa nayo. Mkurugenzi wa Umoja alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti, anayepanga kalamu zake mezani kwa urefu, na alieleza jambo lile vizuri. Mwagizaji hatailipa tozo kutoka mfukoni mwake, ataipandishia bei. Vijiti vya kupimia sukari vimepanda. Sindano zimepanda. Hata vichujio vya mashine zenyewe za figo vimepanda. "Unamtoza mgonjwa huyu ili umtibu mgonjwa yule," alisema Mkurugenzi, "halafu unaita huruma."

Mheshimiwa aliikubali hoja hiyo. Aliikubali hasa saa za kazi. Akifika nyumbani ilianza kumbana kama kiatu cha kuazima, na sababu aliijua. Sababu ilikuwa Shemeji.

Shemeji alikuwa mume wa dada yake, fundi seremala mwenye mdomo wa utani na vidole vilivyoota sugu. Figo zilimgomea akiwa na miaka hamsini na sita. Zamani, kabla ya tozo, hospitali ilimpa siku mbili kwa wiki za kusafishwa damu, na kila aliyemwona siku zile hasahau. Ikifika Jumapili miguu imevimba, pumzi inakatika kama mtu aliyepandisha kabati ngazini, na kulala chali hawezi. Alilala amekaa, kidevu kifuani, na dada na Mheshimiwa walilala kwa zamu, mmoja akimsikiliza. Tozo ilipoanza, alipewa siku ya tatu, Ijumaa. Ijumaa ile ndiyo iliyomrudisha karakanani kupiga randa vigoda vyake vidogo, na ndiyo iliyomrudishia kulala chali akakoroma. Hakuwa amepona, na mwenyewe alijua hatapona. Alikuwa tu na wiki inayotosha.

Shemeji alijua Mheshimiwa anapiga debe la watu wa vifaa tiba. Alidhani ni vitanda na mashine za eksirei. Mheshimiwa hakumsahihisha. Kila akitaka kumweleza, Shemeji alikuwa katikati ya mzaha, na mzaha wa Shemeji ukiukata unaonekana huna adabu. Hicho ndicho kisingizio alichojipa kwa miezi minne.

Jumatatu ilikuwa zamu yake ya kumchukua Shemeji hospitali kwa gari. Jumatatu ile alitokea moja kwa moja studio za televisheni, ambako alihojiwa kwa robo saa, mchana kweupe, kuhusu kifungu cha tisa. Alijieleza vizuri. Mtangazaji alimsifu.

Chumba cha kusafishia damu kilikuwa kirefu na safi, kina harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Viti kumi vya kuegemea vilipangwa kando ya ukuta, na ubavuni mwa kila kiti mashine, ikizungusha damu ya mtu taratibu kwenye mirija. Kwa muda wa saa nne mgonjwa hanyanyuki. Juu ya mlango kulikuwa na televisheni, na mtu aliyefungwa kwa saa nne hutazama chochote anachowekewa.

Mheshimiwa aliingia anatabasamu, tabasamu likamfia mdomoni. Watu kumi walimtazama yeye, wakaitazama televisheni, wakamtazama yeye tena, kama askari anayelinganisha sura na kitambulisho.

"Karibu, Mheshimiwa," Shemeji alisema kutoka kiti namba sita. "Hebu geuka kidogo tuione hiyo tai. Mimi nilisema ya bluu, huyu mama hapa anabisha ni ya kijani."

"Mmeniona?"

"Tungekukwepa vipi? Tumefungwa mirija hapa. Tumekusikiliza mpaka nukta ya mwisho."

Chumba kizima kilicheka, muuguzi naye akacheka, na Mheshimiwa akacheka kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake. Aibu ilimshika masikio. Alitamani wangemtukana.

Ndani ya gari, kwenye taa za kwanza za barabarani, Shemeji aligeuka akamtazama.

"Shemeji," alisema, "muuguzi katuambia tozo ikifutwa tunarudi siku mbili. Hicho kifungu cha tisa unachokipinga, ndiyo Ijumaa yangu?"

"Ni suala pana, shemeji. Kuna habari za bei, kuna waagizaji wadogo..."

"Sijauliza upana wake. Nimeuliza kama ndiyo Ijumaa yangu."

"Ndiyo," alisema Mheshimiwa. Hajawahi kutoa ndiyo fupi namna ile tangu azaliwe.

Shemeji alitazama nje. "Basi dada yako usimwambie leo. Ana sare za shule arobaini za kukabidhi kesho, atawashonea watoto wa watu mikono mahali pa shingo."

Lakini dada alikuwa na redio, na redio ilirudia mahojiano yote saa tisa.

Walimkuta kwenye cherehani yake ya miguu, ukumbini, katikati ya vitambaa vya bluu. Hakuinua kichwa. Mguu uliendelea kukanyaga, sindano ikaendelea kula kitambaa. Shemeji, kwa hekima ya mume wa miaka thelathini, aliaga kwamba anakwenda kuangalia mbao zake uani, ingawa hakuwa na mbao uani.

"Kaa," alisema dada.

Mheshimiwa alikaa. Wazazi wao walikufa yeye akiwa na miaka saba, na huyu ndiye aliyemlisha, akamsomesha, akamshonea suti ya kijivu aliyoapia bungeni. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, mwenye kadi za ghorofa ya nne, alikaa kwenye kigoda magoti yakimfika kifuani.

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Muongo. Chakula kiko jikoni." Alikata uzi kwa meno. "Nimekusikia redioni. Uliyosema ni uongo?"

"Si uongo. Bei zinapanda kweli. Kuna watu wa kisukari vijiti vyao..."

"Basi si uongo. Mimi bei za nje sizijui. Lakini nimeumia." Alilisema kama alivyokuwa akisema kitambaa kimepungua. "Umewazungumzia wagonjwa wa figo robo saa nzima, kama watu uliowasoma gazetini. Kama hujawahi kumshika mtu mkono akiwa hawezi kuvuta pumzi. Wewe! Uliyekuwa unakuja kumkalisha hapa ili mimi nilale!"

"Ni kazi, dada. Unataka niache kazi?"

"Nimesema uache kazi? Kazi ni yako na watoto ni wako. Nenda huko kwenye kamati ya Bunge kasome karatasi yao yote, usiruke hata mstari. Mimi nakuomba kitu kimoja. Ukikaa mbele ya wale watu, usijifanye hutujui."

"Ndiyo, dada."

"Hiyo ndiyo yako naijua," alisema, akivuta kitambaa kingine. "Ni ile ile uliyokuwa unanipa ukiwa umeficha sahani iliyovunjika."

Alhamisi kamati ilikutana kusikiliza wadau. Mheshimiwa alivaa ile suti ya kijivu. Ilimbana tumboni, lakini aliivaa. Njia nzima alikuwa anafanyia mazoezi sentensi moja. Wabunge wanaifahamu wote, maana kanuni inawalazimisha: kama jambo linalojadiliwa linakugusa wewe au jamaa yako, unaanza kwa kusema "natangaza maslahi," kisha ndipo unaendelea. Kwa mgeni anayekuja kutoa maoni hakuna anayeuliza. Lakini Mheshimiwa aliamua ataisema, mapema, kabla ya kufungua karatasi. Sentensi moja tu, dada atakuwa ameridhika na Mkurugenzi atakuwa amepata alichokilipia.

Chumba cha kamati kilikuwa kimekarabatiwa. Wabunge kumi na wanne walikaa kwenye meza ya nusu duara, Mwenyekiti katikati, na meza ya wageni, walikokaa Mheshimiwa na Mpinzani, ikaziba upande uliobaki. Kila kiti kilikuwa na kipaza sauti chake chenye taa nyekundu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkali mwenye mzaha mkavu, ambaye kwa miaka mitano alikaa mstari wa mbele ya Mheshimiwa na kusema hadharani kwamba sikio lake la kulia halijapona.

"Tunamkaribisha mwenzetu wa zamani," alisema. "Namwomba akumbuke vipaza sauti siku hizi ni vya kisasa. Havihitaji msaada."

Watu walicheka. Mkurugenzi, nyuma kidogo, alitikisa kichwa kwa upole kumpa moyo. Na hapo, katikati ya kicheko, Mheshimiwa akafungua karatasi, akaanza kusoma, na ile sentensi ikampita kama mtu aliyepitiwa na kituo chake. Ukurasa wa kwanza alijiambia ataisema mwisho wa ukurasa. Ukurasa wa pili akajiambia sasa itaonekana ajabu. Baada ya hapo hakujiambia kitu.

Alisoma nusu saa, na alisoma vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza katika miaka kumi na tano. Mbunge mmoja aliandika kabisa lile la vijiti vya sukari. Alipomaliza aliketi, jasho likimtiririka mgongoni chini ya kitambaa cha dada yake. Zamani, mbunge akiketi, karani ndiye anayemzimia kipaza sauti. Kwenye mitambo ile mipya unabonyeza kitufe mwenyewe. Mheshimiwa hakujua hilo. Taa yake nyekundu iliendelea kuwaka.

Kamati ile ilikuwa na desturi yake: vifungu vyenye mvutano iliviamua papo hapo mbele ya wadau, kwa sauti, ili asiwepo wa kudai mambo yalipikwa chumba cha nyuma. Saa sita kasoro dakika kumi, Mwenyekiti alivaa miwani.

"Swali ni kwamba kifungu cha tisa kiendelee kuwa sehemu ya muswada. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Kidevu kilipanda, kifua kikajaa, na "Ndi" ikatoka yenyewe, mazoea matupu, haina mwenyewe. Kisha Mheshimiwa akajisikia kutoka kwenye spika za darini, mkubwa kama radi. Nafasi ya kuikata ilikuwepo. Angeweza kukohoa. Angeweza kuigeuza chafya. Kalamu ya Mkurugenzi ilisimama hewani, aliiona kwa pembe ya jicho, na hapo hapo akakiona kiti namba sita kikiwa kitupu siku ya Ijumaa. Hakuikata. Aliivuta, akaivuta, mpaka hewa yote ikamwisha kifuani: "...yoooooo!"

"Wasioafiki waseme siyo," Mwenyekiti aliendelea, kwa mazoea naye.

"Siyoooo!" alijibu Mpinzani, kando ya Mheshimiwa, kwenye kipaza sauti kile kile. Maisha yake yote hajawahi kuiacha ndiyo ile bila kuijibu.

"Nadhani walioafiki wa..." Mwenyekiti alinyamaza. Alivua miwani. Alishika sikio lake la kulia.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti!" mbunge mmoja alikuwa amekwisha kusimama. "Wageni wamepiga kura! Wote wawili!"

Chumba kilivunjika mbavu. Wabunge waligonga meza, mwandishi wa kumbukumbu aliinamisha kichwa mabega yakimtetemeka, na Mpinzani alijifunika uso kwa faili. Mwenyekiti aligonga nyundo mara tatu. Kura ile imebatilika, alisema, itarudiwa kwa kunyoosha mikono. Lakini kanuni zinataka mgeni aliyeingilia kura ajieleze, iingie kwenye kumbukumbu rasmi.

Mpinzani alisimama wa kwanza. "Mazoea, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ningesema siyo hata kama angeulizwa kama leo ni Alhamisi." Wakacheka tena, akaketi.

Ikawa zamu ya Mheshimiwa. Kila uso mle ndani ulikuwa umeshajiandaa kucheka naye. Neno moja tu lilitakiwa, mazoea, na kila kitu kingebaki mahali pake: meza ya kioo, kadi, kiyoyozi. Mkurugenzi alimwangalia kwa macho ya upole kabisa, akisubiri neno hilo hilo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "ya mwenzangu ilikuwa mazoea. Yangu ilianza kama mazoea." Akaikunja karatasi ya Umoja. "Ilipofika katikati nilijua ninachosema, nikaimalizia."

Hakuna aliyecheka.

"Naomba nitangaze maslahi. Nimechelewa nusu saa, naomba radhi. Mume wa dada yangu anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kifungu hiki kikitoka, Ijumaa inatoka. Niliyowasomea ni kweli, na lile la vijiti msilisahau. Lakini nilipaswa kulisema hili kwanza, sikulisema, kwa sababu niliogopa. Miaka kumi na tano nimesema ndiyo humu ndani kwa kila nilichoambiwa. Hii hakuna aliyeniambia."

Akaketi. Mpinzani alinyoosha mkono taratibu, akambonyezea kitufe, taa nyekundu ikazimika.

Mikono ilinyooshwa: wanane kwa sita, kifungu kinabaki. Sitaki kusema ni Mheshimiwa aliyewageuza. Mmoja wa wale wanane alimwambia baadaye kwamba mkono wake ungepanda hata kama yeye angekuwa amelala. Lakini yule mbunge aliyeandika lile la vijiti alisimama akapendekeza vijiti vya sukari na sindano visitozwe, na hilo likapita bila aliyepinga. Kwa hiyo karatasi ya Umoja nayo haikurudi mikono mitupu.

Mkurugenzi alimsubiri kwenye korido. "Ulisoma vizuri sana," alisema bila kupandisha sauti. "Ndiyo maana imeniuma." Akanyoosha kiganja. Mheshimiwa alivua kadi ya mlangoni shingoni, akamkabidhi, na wakapeana mkono kama watu wazima.

Mpinzani alimsindikiza mpaka kwenye ngazi za nje. Hapo alisimama, akamtazama juu mpaka chini.

"Miaka kumi na tano," alisema, "nilikuwa nakuombea useme jambo moja lako mwenyewe. Ulikuwa unakula mshahara wa serikali, kimya. Umengoja mpaka ukalipwa usiliseme, ndipo ukalisema!"

"Rimoti ya kiyoyozi sasa ni yako."

"Siitaki. Nitaizima nikae na joto langu, nikukumbuke." Akamkumbatia kwa nguvu mpaka mshono mmoja wa ile suti ya kijivu ukaachia.

Suti alimpelekea dada mchana ule ule. Redio ilikuwa imeshamaliza kumtangaza. Dada aliigeuza ndani nje, akautafuta mshono, akatunga uzi.

"Umekula?" aliuliza, macho kwenye sindano.

"Sijala, dada. Na kazi sina."

"Chakula kiko jikoni," alisema dada. Ila safari hii aliweka suti chini, akainuka, akampakulia mwenyewe. Mheshimiwa alikula sahani mbili, na alikuwa na furaha mpaka akajishangaa, mtu hana kazi anafurahia nini.

Ijumaa haikuwa zamu yake, lakini alikwenda. Alipofungua mlango wa kile chumba kirefu, watu kumi waliofungwa mirija walikuwa wanamsubiri. Shemeji alihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu.

"Ndiyoooo!" waliitikia wote kwa pamoja, na yule mama wa tai ya kijani akaivuta peke yake mpaka muuguzi akamwambia mama, shinikizo lako la damu.

Alivuta kiti, akakaa kando ya namba sita. Shemeji alimpa habari zote: kwamba amepata wateja wawili wa vigoda humu humu, kwamba mpiga debe asiye na ghorofa anaweza kupewa kazi ya kupiga msasa, ila mshahara ni chai, tena asubuhi tu. Mheshimiwa alisema atafikiria. Alikuwa anafikiria kweli. Utani ulipungua, maneno yakawa marefu na mapengo kati yake yakawa marefu zaidi, mpaka Shemeji akanyamaza, akalala chali, mdomo wazi, anakoroma, mashine ikiendelea kumzungushia damu yake.

Muuguzi alikuja na faili, akafungua ratiba ya mwezi unaokuja.

"Tumwandikie zile zile? Jumatatu, Jumatano, Ijumaa?"

"Ndiyo," alinong'ona Mheshimiwa, asimwamshe.